Kiti Namba Mia Nne na Kumi na Saba

Jina la Randa alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe, asimlaumu mtu. Kila jambo likiletwa mbele yake, uwe mlango uliokaza au wafanyakazi wawili walionuniana, jibu lake lilikuwa lile lile: "Tulipige randa kwanza." Maana yake tungoje kidogo, tulainishe, mambo yatakaa sawa. Alikuwa fundi seremala wa kituo cha sanaa cha chuo kikuu, mpana wa mabega, mwembamba wa miguu, na penseli haikumtoka sikioni hata akienda kuoga. Hilo la kuoga ni maneno ya mkewe, si yangu. Mtu mwema kabisa. Lakini mpenda kulainisha naye ana lake, maana yapo mambo yanayotaka kusemwa yakiwa bado na vibanzi.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba mbili zilizopeana mgongo. Huku makumbusho, kule ukumbi wa maonyesho, na katikati karakana ya Randa, chumba chembamba chenye milango miwili, mmoja wa kila upande. Watu wa ukumbini waliwaita wa makumbusho "walinzi wa makaburi." Watu wa makumbusho waliwaita wenzao "wapiga kelele." Hata chai walikunywa saa tofauti. Aliyewahudumia wote ni Randa peke yake. Wa ukumbini aliwatengenezea milango isiyofika popote, na vitanda ambavyo mtu wa kweli akivilalia angejikuta sakafuni. Hao wengine aliwatengenezea masanduku ya vioo na vibao vya kusimamishia vitu. Kazi ya ukumbini ilitupwa baada ya wiki mbili. Kazi ya makumbusho ilisifiwa kwa kutoonekana. Miaka nenda miaka rudi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba fundi fulani amepita hapa.

Sasa kisa kilianza miaka ishirini na miwili iliyopita, ukumbini walipotaka kiti cha enzi cha mfalme. Mfalme angechezwa na pande la mtu, kilo mia na ushei, tena mashoto, na kwenye tendo la pili alitakiwa apande juu ya kiti acheze. Randa akaenda kununua boriti za nyumba ya zamani iliyokuwa ikibomolewa, mbao nyeusi, zimetobolewa na wadudu tangu enzi za babu zetu. Akachonga siku tisa. Akakaza kwa bolti nne nene, akazificha kwa vizibo vya mti. Akapaka chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa kama lami, juu yake rangi ya viatu, kisha masizi, kisha nta ya mshumaa. Kiti kikatoka kinatisha. Pande la mtu likacheza juu yake jioni kumi na mbili na hakikulia hata mara moja.

Maonyesho yalipokwisha, stoo ya ukumbini ikaanza kuvuja. Randa, kwa wema wake, akakisukuma kiti mpaka chumba cha makumbusho cha kupokelea vitu vipya, akakifunika shuka, akaenda likizo ya wiki mbili kumwuguza mjomba wake. Lo! Kumbe wiki hiyo hiyo ndiyo ya hesabu ya vitu. Karani wa makumbusho wakati ule alikuwa mtu wa sheria moja: kilichomo chumba kile ni cha makumbusho. Akaingia na brashi yake na rangi nyeupe, akakitia kila kitu namba. Kiti kikapata mia nne na kumi na saba. Ndoo ya kupigia deki nayo ikapata mia nne na kumi na nane, lakini hiyo waliigundua mapema.

Na wiki hiyo hiyo, makumbusho yakapata mhifadhi mpya. Kijana mrefu, mkimya, mwenye vidole vya kushonea nguo, ambaye Randa mwenyewe ndiye aliyemwambia kwamba kuna nafasi ya kazi. Alimwambia kwa sababu kijana huyo alikuwa akimchumbia dada yake, na baba yao alikuwa hataki hata kumsikia. "Mwanamume mzima anapangusa vumbi la vitu vya wafu," baba alisema. "Atamlisha nini mwanangu, vumbi?"

Randa aliporudi likizo, alikuta mchumba amealikwa nyumbani kula, ndiyo mara ya mwisho ya kujitetea. Kijana hakujitetea. Alizungumza juu ya kiti. Alisema amekikuta kimefunikwa shuka chumbani, hakina hata kadi, na alipokifunua hakutoka chumbani mpaka jioni. Akaeleza jinsi mkono wa kushoto ulivyokuwa mpana kuliko wa kulia, jinsi aliyekichonga alivyoijua mbao kama mama anavyojua mgongo wa mwanawe. "Sijui ni nani," alisema, "lakini mtu yule alikuwa na heshima." Saa nzima. Chakula kikapoa. Baba aliyekuwa ameinamia sahani akainua kichwa, akamtazama, kisha akamwambia bintiye, "Huyu ana macho. Mchukue."

Hebu niambie, ungekuwa wewe ungesema nini? Randa alimeza tonge likakwama, akanywa maji, akanyamaza kama maji ya mtungi. Alijiambia atamweleza baada ya harusi. Baada ya harusi akasema ngoja wapate mtoto. Mtoto akaja, akaja na wa pili, na shemeji akawa ameandika kurasa mbili kuhusu ule mkono mpana wa kushoto, akiuita mkono wa hukumu, na wageni wakawa wanaletwa kuuona. Wa ukumbini waliokijua walikuwa wameshahama, na waliobaki hawakukanyaga makumbusho. Mwaka wa sita, shemeji akamwagiza sanduku jipya la kioo la kukihifadhia kiti. Randa akalitengeneza, akalifunga kwa mikono yake mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya mnyamavu huweza kwenda mbali sana.

Usidhani waliishi kwa unafiki. Walipendana kupita kiasi, wale wawili. Kila Jumapili shemeji alikuja kwa Randa na familia yake, wakacheza bao, wakataniana mpaka wake zao wakawafukuza uani. Na kwa kuwa walipendana ndiyo maana Randa aliogopa. Kazi angepata nyingine. Shemeji kama yule asingepata mwingine.

Mambo yakaja kuchemka alipofika mkurugenzi mpya. Mama mfupi, mwenye sauti ya kukatia mbao, anayetembea na kitabu cha michoro kwapani. Siku ya tatu tu alikwisha kuwaita wote ukumbini, wakaketi makumbusho kushoto, ukumbi kulia, kama paka na panya waliokodishiwa basi moja. Akasema ukuta utavunjwa. Karakana itahamia banda kubwa la uani, na palipo karakana patakuwa njia pana, ili mtu aliyekuja kutazama ngoma ya kale aisikie, na aliyekuja kuona mchezo apite kwanza kwenye vitu vilivyouzaa. Onyesho la ufunguzi litaanzia makumbusho. Kiti cha enzi kitatolewa kwenye kioo mbele ya watu, kibebwe mpaka jukwaani, watu wakifuata, na mfalme akikalie.

Shemeji akasimama polepole. "Mama, kiti kile kina miaka mia moja na hamsini. Mtu akikikalia kitapasuka. Mimi nikiwa hapa, hakitoki."

"Bila kiti sina onyesho," mkurugenzi akasema. "Na Alhamisi baraza la chuo linakuja. Bila sahihi yako hawatoi ruhusa ya kuvunja hata tofali moja."

"Basi lisivunjwe."

Wa ukumbini wakaguna. Wa makumbusho wakakohoa, kikohozi kile cha kuunga mkono. Mkurugenzi akageuka akamtafuta mtu nyuma kabisa. "Fundi, wewe ndiye mjuzi wa mbao. Kitabeba mtu au hakibebi?"

Watu sitini wakageuza shingo. Randa akaigusa penseli yake sikioni. "Tulipige randa kwanza, mama," akasema. "Nipe siku mbili." Wakacheka, maana walimzoea. Yeye hakucheka.

Nyumbani, mkewe alimtazama anavyozungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na sukari. Akamwuliza, naye akamwaga yote, kuanzia boriti mpaka ndoo. Mkewe alicheka ilipofika ndoo. Kisha akamnyang'anya kijiko.

"Kwa hiyo miaka yote hii ukimtania Jumapili, hilo lilikuwa kooni?"

"Lilikuwa kooni."

"Hujachoka?"

"Nimechoka, mke wangu. Lakini nikisema namvua nguo mbele za watu."

"Nani kakwambia useme mbele za watu? Mwendee mwenyewe, wawili tu. Na uende kesho, maana nakujua, keshokutwa utakuwa umeshalipiga randa tena."

Asubuhi yake alifika makumbusho kabla ya mlango wa wageni kufunguliwa. Shemeji alikuwa keshavaa glavu zake nyeupe, anapangusa kioo cha kiti kile kile. "Umekuja kunishawishi," akasema, anatabasamu. "Rudi ukanywe chai, shemeji."

Randa hakujua pa kuanzia, akaanzia mwisho. "Shemeji, kiti hiki nimekitengeneza mimi."

"Kioo, ndiyo. Kazi nzuri."

"Si kioo. Kiti."

Shemeji akacheka, akangoja mzaha uishe. Haukuisha. Randa akamwomba wakifungue. Wakakitoa wawili, taratibu, wakakilaza ubavu juu ya blanketi. Randa akatoa bisibisi nyembamba mfukoni, akachokoa chini ya kikalio, kizibo cha mti kikatoka kama kizibo cha chupa. Ndani yake bolti. Haikuwa na kutu hata kidogo, ilikuwa inametameta kama imetoka dukani jana.

Shemeji akaigusa bolti kwa kidole. Kisha akavua glavu, kidole baada ya kidole, akazikunja, akazitia mfukoni. "Tangu lini ulijua kwamba mimi sijui?"

"Tangu siku ile uliyokula kwetu."

"Na baba mkwe alikuwa akinisikiliza. Na wewe ulikuwa unatafuna."

"Nilikuwa nimekwama, shemeji."

Shemeji akaondoka, akamwacha pale na kiti kikiwa kimelala ubavu.

Alhamisi baraza lilipokuja, shemeji alisema sentensi moja. "Kiti kinaweza kutoka, na kinaweza kubeba mtu." Akatia sahihi. Hakueleza zaidi, na hakumtazama Randa. Wa ukumbini wakapiga makofi, wa makumbusho wakabaki midomo wazi, ruhusa ikatoka. Randa alipaswa kufurahi. Alirudi karakana akakata ubao mmoja mara tatu na bado ukawa mfupi.

Jumapili ikapita bila shemeji. Ya pili ikapita. Bao likakaa juu ya kabati. Dada yake akapiga simu. "Umemfanya nini mume wangu? Anakula amesimama. Jana nimemkuta jikoni anageuza kiti cha plastiki anakitazama chini." Randa akasema ni mambo ya kazi. "Mambo ya kazi yasiyosemeka?" dada akauliza. "Haya, semeni mtakaposema, lakini mkinizeekea hivyo mimi nitawapeleka nyote wawili makumbusho." Akakata simu.

Siku hizo ukuta ulikuwa unavunjwa, na yeye anahamisha karakana. Misumeno, makopo ya gundi, mbao zilizobaki. Mwili unabeba, roho haipo. Alishawahi kupoteza vidole viwili vya glavu kwa msumeno na akashukuru Mungu kwamba vidole vyenyewe havikuwemo, lakini hii ya sasa hakujua aishukuru vipi. Alimpoteza mtu, na kwa kosa lake. Alikubali hivyo, akalia kidogo nyuma ya rundo la plaiwudi, akajifuta kwa mkono wenye unga wa mbao, macho yakamwasha zaidi.

Wiki ya tatu, mchana, shemeji akatokea mlangoni pa banda jipya. Amevaa tai. Ana ubao wa kuandikia na fomu, na kalamu mbili. Hakusalimia.

"Nimekuja kuchukua maelezo ya kitu namba mia nne na kumi na saba," akasema kwa sauti ya ofisi. "Kuna nafasi ya kukaa?"

Randa akampangusia benchi. Shemeji akaketi, akafungua kalamu.

"Kimetengenezwa na nani?"

"Shemeji..."

"Jina kamili. La baba na la babu."

Randa akayataja yote matatu. Shemeji akayaandika polepole, kwa ule mwandiko wake wa kadi za makumbusho.

"Mbao zilitoka wapi?" Akamweleza boriti. "Rangi?" Akamweleza chai, rangi ya viatu, masizi, nta. Shemeji alipofika hapo kalamu ikasita. "Chai," akasema. "Niliandika utomvu wa mti usiofahamika." Akafuta. Akaendelea. "Mkono wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia kwa vidole vitatu. Kwa nini?"

"Yule mwigizaji alikuwa mashoto. Alikuwa akikasirika anaupiga ngumi. Nikaona ukiwa mwembamba utavunjika."

Shemeji akainama juu ya fomu, mabega yakaanza kutikisika. Randa alidhani analia, akanyanyuka kumshika. Kumbe anacheka. Anacheka hana sauti, machozi yanadondokea kwenye wino. "Kurasa mbili," akasema alipopata pumzi. "Mkono wa hukumu. Kurasa mbili, shemeji, nimesoma mbele ya maprofesa. Mmoja aliniomba nakala." Na Randa naye akaangua, wakacheka mpaka wakashikana wasije wakaanguka kwenye misumeno, na mlinzi wa uani akaja kuchungulia kama wako salama.

Walipotulia, shemeji akajifuta kwa tai yake.

"Nilikukasirikia," akasema. "Bado kidogo nimekukasirikia, usidhani imeisha. Lakini nilikuwa nikizunguka mle ndani, natazama kadi zangu. Kila kadi: mtengenezaji hajulikani, mtengenezaji hajulikani. Vitu elfu mbili. Nimevilea miaka ishirini na miwili, na hakuna hata mmoja ambaye nilipata kumwuliza, ndugu, hapa ulifikiria nini? Wote wamekwenda. Nimepata mmoja tu aliye hai, na alikuwa ananila kete Jumapili."

"Watakucheka kazini."

"Wacha wacheke. Kadi nimeshaiandika upya." Akageuza fomu, akasukuma kalamu ya pili. "Swali la mwisho. Je, mtengenezaji anaruhusu kitumike jukwaani?"

"Anaruhusu."

"Tia sahihi."

Randa alifuta mkono kwenye suruali, mara mbili. Alishatia sahihi za kupokea misumari na za likizo. Chini ya kazi yake mwenyewe hakuwahi, akaandika jina lote, la baba na la babu.

Siku ya ufunguzi watu walijaa mpaka uani. Ile iliyokuwa karakana sasa ni njia pana yenye mwanga, huku vioo, kule pazia la jukwaa. Shemeji ndiye aliyewaongoza watu, wa makumbusho na wa ukumbini wakiwa wamechanganyika, maana mkurugenzi alikwisha kuwachanganya kwa nguvu. Akapita kwenye vinyago, ngoma na mitungi, na kila kimoja akakisemea kwa upendo, akimalizia, "Aliyekitengeneza hatumjui." Watu wakaitikia kwa vichwa. Hivyo hivyo mpaka wakafika kwenye kiti, kioo kikiwa kimeshaondolewa.

"Hiki," shemeji akasema, "nilikosea umri wake kwa miaka mia moja na ishirini na nane." Watu wakacheka. Yeye akangoja wamalize. "Mbao ni za kale, hapo macho yangu hayakudanganywa. Na nilisema zamani kwamba aliyekichonga ni mtu mwenye heshima, hapo pia sikukosea. Huyu tunamjua. Yule pale, mwenye penseli sikioni. Msiniulize mimi tena, mwulizeni yeye."

Umati wote ukageuka. Randa hakujua mikono aiweke wapi, akaiweka nyuma, akaileta mbele. Mkewe akamsukuma mgongoni. Dada yake, aliyekuwa ameelezwa yote na kuapa kutowasamehe mpaka mwaka kesho, alikuwa analia kwa furaha bila kujificha. Mzee mmoja akauliza ilichukua siku ngapi. Mwanafunzi akauliza habari za chai, ilikuwa na maziwa? Bibi mwenye fimbo akataka kujua kama anaweza kumchongea cha kwake, ila cha chini kidogo. Randa akajibu mmoja, akajibu wa pili, sauti ikamrudia, na kufikia swali la tano alikuwa amechuchumaa anawaonyesha kizibo kilipo, anaeleza kwa mikono yote miwili kama aliyeanza kazi jana.

Kengele ya jukwaani ikalia. Mfalme, mwigizaji mpya, mwembamba huyu, akachungulia kwenye pazia kudai kiti chake. Wabebaji walikuwa wamepangwa, vijana wanne wenye kanzu za dhahabu, lakini shemeji akawapungia wakae kando.

"Shika nyuma," akamwambia Randa.

"Huvai glavu?"

"Shika, bwana, watu wanangoja."

Wakakinyanyua wawili, kwa mikono mitupu, wakaanza kutembea kuelekea jukwaani, na watu wote wakawafuata.